Diski ya Bakari

Siku hizo kumbukumbu za mtu zilikaa kwenye diski nyumbani kwake. Sehemu ya diski ikiharibika, mwenyewe alisahau yaliyokuwa kwenye sehemu hiyo; diski ikifa, alisahau yote. Diski ya Bakari ilipoanza kugongagonga, mkewe Mwatime alikwenda dukani mbio.

"Usichukue ya bei rahisi, dada," muuzaji alimwambia. "Hii haina kitu kinachozunguka ndani, haichoki upesi. Na yako je, uliinunua lini?"

"Yangu haijawahi kunisumbua," Mwatime alijibu, tayari yuko mlangoni.

Nyumbani alihamisha kumbukumbu zote za mumewe, hatulii, anakaa na kuinuka, mpaka taa ya kijani ikawaka. Bakari akafumbua macho. Mwatime akamuuliza majina ya wazazi wake, mahali walipooana, hata chakula cha jana. Akajibu yote bila kukosea. Mwatime akashusha pumzi.

"Riziki bado hajarudi kutoka shule?" Bakari akauliza.

"Riziki ndiye nani?"

Bakari akacheka, akidhani anataniwa. Mara mlango wa uani ukafunguliwa, akaingia msichana mdogo mwenye sare, akamkimbilia Mwatime.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu," Mwatime aliitikia kwa upole. "Umetumwa na nani?"