Fimbo Nne Ndefu

Mwachiro alizitoa fimbo nne ndefu kwenye mfuko wa gofu wa Hakimu Kisoka, akazirudisha kabatini. Bega lilikuwa likimuuma wiki ya tatu sasa, na mbeba mfuko akishalalamika bega, kesho yake haitwi. Mahali pa zile fimbo akachomeka vipande vya mwanzi, akavivika soksi za sufu za kufunikia vichwa vya fimbo. Ukiutazama mfuko kwa mbali, umejaa. Hakimu mwenyewe hakuwa ameomba fimbo ndefu tangu masika. Mikono yake nayo ilikuwa imechoka.

Waliuzunguka uwanja polepole, wazee wawili, kila mmoja akijifanya anamsubiri mwenzake.

Walipofika bwawani, ambapo mpira sharti uruke maji, hakimu akasimama kitambo.

"Leo nipe ile ndefu kabisa," alisema.

Mwachiro akautua mfuko. Miaka ishirini na sita amembebea mtu huyu na kabla ya leo hajawahi kumdanganya. Mkono wake ukaenda kwenye soksi, ukaganda hapo.

Hakimu akasogea, akaibinya soksi kwa vidole viwili. Kisha akalitazama bega la Mwachiro, jinsi lilivyolala upande mmoja.

"Basi, nipe fupi tu," alisema. "Upepo huu haufai kwa ndefu."

"Ndiyo, mzee."

Ng'ambo ya maji, bendera ya shimo ilikuwa imening'inia kimya, kama nguo iliyosahauliwa kambani.