Mchoro wa Daraja

Mhandisi Sendoro alimfukuza kazi Tabu, mhandisi kijana wa ofisini kwake, kisha akabandika mchoro wa daraja la mji kwenye mtandao wa wataalamu na kuandika, "Kazi ya mikono yangu." Tabu ndiye aliyeuchora. Angeweza kusema siku ileile, lakini nani angemsikiliza? Basi akaanza kuandika kwenye mtandao uleule kila asubuhi: namna ya kupima udongo, namna ya kusuka nondo. Mwaka ulipoisha, wahandisi elfu kumi na mbili walikuwa wakimsoma.

Ndipo akaupiga picha mchoro wake wa penseli, wenye saini yake na tarehe, akaiweka picha hiyo tayari kwenye kompyuta. Akampigia Sendoro.

"Bosi, leo natoa mchoro wa daraja."

"Tabu, binti yangu, kesho napewa tuzo ya daraja hilo. Njoo tuzungumze."

"Nilikuja tuzungumze, ukamwita mlinzi anitoe."

"Nitakurudisha kazini. Kwa cheo chochote unachotaka!"

Tabu akabonyeza kitufe cha kuichapisha picha mtandaoni, wala hakukata simu. Alitaka kusikia. Baada ya muda, ofisini kwa Sendoro simu ya mezani ikaanza kulia, kisha nyingine, na Sendoro akihema bila kupokea hata moja.