Nafasi Moja ya Juu

Kila siku saa moja asubuhi, redio ya jikoni iliiletea nyumba salamu za marehemu Mzee Kombo kutoka kwenye setilaiti iliyohifadhi sauti yake. Mjane wake, Bi Mwanamkasi, alimimina vikombe vitatu vya chai: chake, cha binti yao Raya, na cha marehemu mbele ya redio.

Juma lile jua lilichafuka. Hewa nyembamba ya huko juu ikapata joto, ikavimba, ikaanza kuzivuta setilaiti za marehemu chini. Serikali ikatoa nafasi moja ya juu zaidi kwa kila nyumba.

“Baba yako umeshampandisha?” Bi Mwanamkasi alimuuliza Raya asubuhi moja.

Raya aliendelea kufuta meza. “Baba ameungua alfajiri, mama. Nafasi nimekuandikisha wewe. Sauti yako iko juu tangu jana.”

“Mimi niko hai, mwanangu.”

“Najua. Lakini nafasi nyingine itatoka lini?”

Bi Mwanamkasi aliinua birika amimine chai. Redio ikakoroma, kisha sauti yake mwenyewe ikasema kwa upole, “Raya, umeamkaje?”

“Salama, mama,” Raya aliijibu redio. Akalichukua birika, akamimina vikombe viwili: chake, na kingine akakiweka mbele ya redio.