Kidole cha Pete

Nilikwenda kwa Mwalimu Yuditha kurudisha gitaa la usharika. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ilikuwa imenikata na kuondoa kabisa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, mkono unaobana nyuzi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Na hilo gitaa usiliweke chini."

Akanisogezea karatasi ya noti za wimbo wa Sikukuu ya Mavuno. Kando ya kila noti alikuwa ameandika kwa penseli kidole cha kutumia, kama kawaida yake: herufi kwa mkono wa kulia, namba kwa wa kushoto. Moja ni cha shahada, mbili cha kati, tatu cha pete, nne cha mwisho.

Nikasoma kwa shingo upande. Moja, mbili, nne. Nne, moja. Nikageuza ukurasa, kisha nikarudi mwanzo nikifuata kila mstari kwa ukucha.

Tatu haikuwepo popote.

"Mwalimu, hii haipigiki," nilisema. "Pale kwenye kiitikio mkono utafikaje?"

"Inapigika. Nimeipiga tangu asubuhi."

Akatoa mkono wake wa kushoto chini ya kitenge. Kidole chake cha pete kilikuwa kimekunjwa kiganjani na kufungwa kwa kamba ya mgomba, imebana mpaka ncha imevimba.

Niliinuka haraka nimfungue. Akaurudisha mkono nyuma.

"Kaa. Nitafungua ukimaliza kiitikio."