Pete Juu ya Mbao

Karani alitangaza kwa sauti ya radi kwamba Mahakama Tukufu ya Makosa ya Vita sasa inaketi. Jaji akaketi, kiti kikavunjika mguu.

Vicheko vilipokwisha, aliitwa Bi Mkasiwa, aliyeokoka kambini. Mzee aliyeshtakiwa alikuwa ameapa kwamba hajawahi kuikanyaga kambi ile. Asipotambuliwa, jioni angelala kwake.

Katika kizimba cha mashahidi, magoti ya Bi Mkasiwa yalikunjika yenyewe. Akachuchumaa, mikono kichwani.

"Simama, mama," jaji alisema.

"Siwezi, mheshimiwa. Bado sijaruhusiwa."

"Mimi nakuruhusu."

"Si wewe, baba."

Feni ilizunguka polepole. Mzee akaguna kwa kukosa subira, na pete yake ikagonga mbao za kizimba chake: ko, ko. Bi Mkasiwa akasimama, maana kambini hivyo ndivyo mkuu alivyowainua wafungwa.

"Shikamoo, afande," alisema.

Mbona mnanitazama hivyo, wasikilizaji wangu? Haya, nakiri: magoti hayakujikunja. Bi Mkasiwa alifanya mazoezi wiki nzima jikoni, dada yake akimgongea sufuria.

Lakini mzee hakufundishwa na mtu kugonga, na kidole chake chenye pete kilikuwa bado hewani, kikitafuta mahali pa kutua.