Mbwa wa Mama Kahambu

Mama Kahambu alifika tena kwenye meza ya daktari wa wanyama bila mbwa.

Meza ya Dokta Casimir ilikuwa pembeni ya soko la Kampemba, chini ya parasoli iliyopauka kwa jua. Siku za chanjo watu walimletea mbwa waliofungwa kwa kila kitu, hata kwa mikanda ya suruali. Mama huyu alingoja wote waondoke. Ndipo alipokaa, akapanga vizuri pindo la kitenge chake, akaweka mezani maandazi ya beignets ndani ya karatasi, moto bado.

"Bidon iko wapi leo, mama?"

"Amekatala kamba."

"Kila siku anakatala! Yee njo anakufuga ao weye njo unamufuga?"

Mama alitabasamu kwa adabu. Siku ya kwanza, alipoulizwa jina la mbwa wake, alikuwa ametazama huku na huko, macho yakatua kwenye bidon, kidumu cha manjano cha maji ya kunawa, akasema anaitwa Bidon. Casimir hakushangaa. Alishawahi kumchanja mbwa aliyeitwa Minista.

"Na ule uvimbe?"

"Mwanzo ilikuwa kama punje ya muhindi. Sasa iko kama karanga na maganda yake. Ukiisukuma, haitembei."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Titi la mbele ao la nyuma?"

Mama alishika pindo la kitenge kifuani. "La mbele," akasema.

Casimir aliweka kalamu chini. Uvimbe usiotembea haukumpendeza hata kidogo. Tena alikuwa na haja yake mwenyewe: alikuwa akikusanya vipande vya uvimbe wa matiti ya mbwa na paka, kila kimoja ndani ya kichupa chake, ili wenzake wa fakulte, kule chuo kikuu, watafute kama kuna virusi ndani.

"Ile virusi," mama aliuliza, "ulisema inapitiaka mu maziwa?"

"Kwa panya, mama. Panya anawapa watoto wake akiwanyonyesha, ile inajulikana. Kwa mbwa na paka, wengine wanasema wameona alama zake, wengine wametafuta, hawakuona kitu. Miye siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana. Bidon alishazaa?"

"Mutoto moja."

"Moja tu? Mbwa?"

"Moja. Alimunyonyesha mpaka akaanza kukimbia." Mama alikunja karatasi ya beignets, akaikunjua, akaikunja tena. "Ule mutoto iko Kilwa sasa, Kilwa ya kule ku ziwa. Naye iko na wake, mudogo sana, ananyonya. Nimutumie habari aache?"

Casimir alicheka hadi parasoli ikatikisika. "Mama! Umesafirisha mbwa mpaka Kilwa, na ile barabara?"

"Alipanda lori," alisema mama, bila kucheka. "Hajarudi bado."

"Basi mwache anyonyeshe. Hakuna muntu anayeweza kukuambia kama maziwa ndiyo yalibeba kitu. Sasa tumwangalie Bidon. Anapaswa kupasuliwa, na usichelewe."

Mama alisimama, akafunga kitenge upya. Alionekana kama mtu anayetaka kwenda na miguu haitaki.

"Na siku ya kumupasula, batauliza kama garde-malade wake njo nani?"

"Mbwa?" Casimir aliona mbele ya macho yake mbwa amelala kitandani hospitali, na ndugu yake wa kumwuguza chini kwenye mkeka, akimpikia uji. "Hapana, mama. Ile ni ya bantu. Muntu bila ndugu wa kumulinda, banamurudisha kwenye mlango. Mbwa hawamuulizi kitu. Garde-malade wake njo weye."

"Basi mbwa iko na bahati," alisema mama, akaondoka polepole kati ya meza tupu za soko.

Siku ya chanjo iliyofuata hakuja. Casimir alingoja mpaka beignets za watu wengine zikamchosha kunusa. Mwisho alikunja parasoli, akachukua kamba yake ndefu kuliko zote, kipande cha nyama na kichupa kitupu, akashuka hadi Naviundu, mtaa ambao mama aliwahi kuutaja kuwa ni kwake, akiuliza nyumba kwa nyumba. Mama Kahambu gani? Yule mjane aliyekuwa akiuza maharagwe kwa jumla na bwana yake. Lango la bluu, kule chini karibu na mto.

Lango lilikuwa wazi. Mlangoni mwa nyumba palikuwa na viatu vya mwanaume, vimepakwa rangi, vinang'aa, na utando wa buibui ndani yake. Juu ya kibao zilikauka sahani moja na kikombe kimoja. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Mistari ya ufagio ilitoka ukuta huu hadi ukuta ule, mizima, bila alama hata moja ya unyayo.

"Bidon!" Casimir aliita. Akapiga mluzi. Akainua ile nyama juu. "Bidon!"

Hakuna kilichobweka. Mama Kahambu alitoka, mikono imelowa, akamwona na kamba yake. Hakushtuka. Alipangusa vumbi kwenye kiti cha pili, akamwonyesha akae, kisha akaenda kurudisha lango na kulifunga kwa komeo.

"Mbwa iko wapi, mama?"

Alikaa mbele yake, akageuza uso ukutani, akateremsha kitenge begani, upande wa kushoto.

"Hapa hakuna mwengine, Dokta," alisema. "Njo miye tu."