Kipande cha Buluu

Kompyuta ya Mashavu iliganda tena, katikati ya sentensi. Kitabu alichokuwa akikitafsiri kilikuwa kinasubiriwa na mchapishaji, na yeye alishaiweka upya Linux, programu inayoiendesha kompyuta, akasafisha feni, akabadilisha hadi waya wa umeme.

Safari hii aliipima kumbukumbu. Skrini ikajaa mistari myekundu ya makosa. Akaifungua mashine kwa hasira, na humo ndani akakuta kipande cha RAM, yaani cha kumbukumbu, cha rangi ya buluu. Alichokinunua yeye kilikuwa cha kijani.

“Shebe! Nani kafungua kompyuta yangu?”

Mumewe, aliyekuwa akila, aliacha kutafuna. “Nilimwambia fundi aweke kibovu,” alisema. “Unashinda humo kutwa. Nilidhani ukichoka nayo, utakumbuka una mume.”

“Na kila ikiganda unanipa pole!”

“Nilifanya kwa ajili ya nyumba yetu, mke wangu.”

Mashavu aliking'oa kile kipande, akakitumbukiza kwenye bakuli la mchuzi la mumewe. Kisha akachomoa nyaya zote, akaikumbatia kompyuta ikiwa wazi vilevile, akatoka. Majirani waliokaa barazani walikusanya miguu yao, wakampisha bila kuuliza.